Chewa wa Mwaka Themanini na Tisa

Alhamisi, 12 Februari

Chai nimeiunguza. Chai! Maji na majani, na bado nimeweza. Sufuria nimelificha chini ya kitanda, asije Khairat akaliona akapata la kusema.

Zimebaki siku saba. Sina wasiwasi. Naandika kwa kumbukumbu tu, kama nilivyoandika kila kitu kwa miaka thelathini na moja masijala, mafaili elfu kwa elfu, na halikupotea hata moja ila yale mawili.

Kwa ufupi. Mwezi mosi Mfunguo Tisa nilimwacha mke wangu Nadra. Talaka moja. Moja tu, kwa adabu, wala sikupaza sauti. Sababu: chewa. Mwaka themanini na tisa nilivua chewa mkubwa kama beberu, peke yangu, kwa mshipi wa mkono, nikamleta nyumbani begani. Kisa hicho nimekisimulia harusini, matangani na kwenye mikutano ya wazazi shuleni, na hakuna aliyewahi kukipinga. Siku ile sebule yetu hapa Michenzani, ghorofa ya nne, imejaa wageni wa Nadra kutoka Bwejuu, dada yake Bi Mwanapili na jamaa zao. Nimefika pale pazuri, chewa anapokata mshipi wa kwanza. Nadra akacheka. Mbele ya watu! Akasema chewa yule aliingia nyumbani na kamba ya ukindu mashavuni, na fundo lilikuwa la sokoni. Wageni wakaangua kicheko. Bi Mwanapili akamwaga kahawa kwenye busati langu.

Nikatoa moja. Kicheko kikakatika, Nadra akafunga begi akaondoka na dada yake. Nilifurahi kwa muda wa dakika tatu hivi.

Watu wa umri wetu eda yao ni miezi mitatu ya mwandamo: Mfunguo Tisa, Rajab na Shaaban. Ndani ya eda mume akitamka "nimekurejea", basi, mke ni mkewe, hakuna ndoa mpya wala mahari. Eda ikisha, kila mtu na njia yake. Kalenda yangu ya ukutani, niliyopewa na duka la vitambaa, inasema Shaaban ya mwaka huu ina siku thelathini. Basi mwisho ni Alhamisi ijayo, magharibi.

Khairat, binti yetu, amepiga simu. "Baba, si neno moja tu?" Hawa watoto! Neno moja ndilo lililoharibu, na neno hilo alilisema mama yake. Mimi nimeshaamua. Nitamrejea, ndiyo, kwa sababu Ramadhani inakuja na futari haijipiki. Lakini aombe yeye. Aje aseme, Borafya, chewa ulimvua. Nitamrejea hapohapo, hata mlangoni.

Ijumaa, 13 Februari

Baada ya sala nimemwendea maalim wa msikiti wa hapa chini. Nikamwambia nina rafiki yangu ana tatizo. Akaniuliza kama huyo rafiki anakaa ghorofa ya nne. Maswali gani haya? Nikasema anakaa mbali.

Akasema rafiki yangu halazimiki hata kusafiri. Atamke tu kwamba amemrejea, mke awepo asiwepo, aridhie asiridhie, na akiweka mashahidi wawili ni bora zaidi. Akaongeza kwamba rafiki yangu asicheze na siku, maana mwezi haumngoji mtu. Maalim huyu miwani yake ameifunga kwa uzi. Mtu ameshindwa kutengeneza miwani, ataweza kutengeneza ndoa?

Ningeweza kulitamka leo hapa jikoni. Halafu? Nadra angepanda ngazi zote za Michenzani akicheka, ghorofa kwa ghorofa. Hapana.

Jioni Khairat kaja na mkate wa ajemi na habari. Alikuwa Bwejuu juzi. Mama hajambo. Mama amenenepa kidogo. Mama anakula samaki kila siku, kwa sababu Mzee Shaame huwaachia mlangoni akitoka pwani. Nikauliza, kwa utulivu kabisa, Mzee Shaame ni nani. Mvuvi, jirani yao, amefiwa na mkewe mwaka juzi. Nikauliza, kwa utulivu uleule, ni samaki gani. Khairat akahesabu kwa vidole: changu, tasi, na juzi chewa.

Chewa!

Sikula chakula cha usiku. Ingawa pia hakikuwepo.

Nimepata mpango. Ni mpango mzuri hata nimeona haya kidogo. Nitakwenda Bwejuu, nitaingia baharini mbele ya nyumba ya Bi Mwanapili, jioni, watu wote wako pwani, na nitavua chewa mbele ya macho ya Nadra. Mkubwa. Atakosa la kusema. Ataomba mwenyewe arejewe. Na huyo Shaame atakwenda kuacha samaki wake milango mingine.

Jumamosi, 14 Februari

Bwejuu. Jua kali, mchanga ndani ya viatu.

Chombo. Ngalawa zote za hapa ni za Shaame na wenziwe, na mimi siwezi kumwomba mtu kitu cha kumshindia. Imebidi nimwendee Hamid. Hamid huyu alikuwa tarishi wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kubeba faili. Leo ana nyumba ya wageni, vyumba sita, na kayaki mbili za plastiki, moja ya bluu na moja ya manjano. Wageni wake wa Kizungu huzipanda jioni wakaenda kuvua. Wanamvua samaki, wanampiga picha, halafu wanamrudisha baharini! Sawa na mtu aliyealikwa harusini akala pilau kwa macho.

Hamid akaniita Bosi, akanikalisha kivulini, akaniagizia madafu. Halafu nikaeleza shida yangu na akageuza uso kuangalia ukuta. Mabega yalikuwa yanatikisika. Akasema kayaki ya manjano ni yangu wakati wowote nitakao, bure, kwa sharti moja, nivae lile jaketi la kuokolea. Jaketi lenyewe la rangi ya chungwa. Mtu mzima wa miaka sitini na moja, nakaa kwenye beseni la manjano nimevaa chungwa! Nimekubali. Watu wakubwa wote walianza kwa kudharauliwa.

Nikapita kwa Bi Mwanapili, kwa bahati tu. Amenishinda kwa miaka miwili, basi shikamoo nampa, ila nampa ya haraka. Akaitikia marahaba huku akichambua mwani wake, hata macho hakuyainua. Nikakaa barazani. Kahawa akaleta Nadra mwenyewe.

Hakukonda. Hilo limenikera. Miezi mitatu kasoro siku na hakukonda hata kidogo. Amevaa kanga ile ya zambarau niliyomnunulia mimi.

Akaniuliza kama nimekuja kwa heri. Nikasema nimekuja kupunga upepo. Akaniuliza kama hakuna jingine. Nikasema upepo wa Bwejuu unasifiwa sana. Akasimama pale na sinia mkononi mpaka kahawa ikapoa. Kisha akaingia ndani.

Alikuwa karibu kuomba! Niliona wazi. Amebakisha kidogo tu.

Jumapili, 15 Februari

Nimerudi mjini kufanya mazoezi. Nimekaa juu ya kitanda, miguu mbele, nikapiga makasia kwa fagio. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Kazi rahisi. Sijui Wazungu wanajisifia nini.

Bi Saadiya wa ghorofa ya tatu amepanda kuniuliza kama nahama. Nikamwambia nafanya mazoezi. Akauliza ya nini. Nikasema ya kayaki. Akaangalia fagio, akaangalia kitanda, akasema Mungu amrudishe Nadra haraka. Mwanamke mmbeya. Nilipofunga mlango nikapiga kasia moja la hasira na taa ya ukutani ikaanguka.

Jumatatu, 16 Februari

Mgongo.

Jumanne, 17 Februari

Bwejuu tena, na begi. Hamid amenipa chumba cha stoo, baina ya magodoro na pampu ya maji. Mkuu wa masijala mstaafu! Lakini vita ni vita.

Jaribio la kwanza limefanyika jioni. Matokeo, kwa ukweli wa kiofisi: nimepinduka mara mbili, zote mbili kwenye maji ya magotini. Ndoana imenasa kwenye jaketi, mgongoni pale pasipofikika, na imebidi nitembee kijiji kizima kutafuta mtu wa kuichomoa. Ndoana ya pili imenasa kitu kizito. Nikavuta. Kikaja. Nikavuta tena, nikaanza kupiga kelele za furaha. Zilikuwa ni kamba za mwani za Bi Mwanapili, mstari mzima, pamoja na vijiti vyake.

Bi Mwanapili alinitolea maneno ya kwao, mengine sikuyaelewa na nashukuru. Aliposhusha pumzi akarudi kwenye lugha yetu: "Miezi mitatu nnakula mwani na mchanga ili mwanangu asome. Wewe umekuja kunivulia huo mwani?" Nikamwambia bahari haina hati miliki. Akaniambia vijiti vina.

Kisha akaja huyo Shaame. Mrefu, mkavu, meno yote yapo. Akanisalimia vizuri, na hilo ndilo linaloudhi zaidi. Akanishauri bila kuombwa. Kwamba kesho ni bamvua, maji yatajaa alasiri na yakianza kupwa yanakimbia, basi nirudi kabla jua halijazama. Kwamba chewa hataki papara, anakaa kwenye mwamba, nitumie pweza. Kwamba akishaingia pangoni mwake anajivimbisha na hatoki hata kwa trekta, nikate mshipi nirudi nyumbani. Akanipa na kipande cha pweza. Nimekipokea kwa dharau, sidhani kama aliona.

Kata mshipi! Huo ndio ushauri wa mtu anayeogopa nitamshinda.

Kabla ya magharibi Nadra kapita pale nilipokuwa nikianika suruali. Amesimama mbali kidogo, kama inavyopasa. Akasema anajua siku zilizobaki na anajua kwamba mimi najua. Akaniuliza moja kwa moja kama nina la kumwambia. Sauti yake haikuwa ya kicheko. Nilikuwa na suruali mkononi, inachuruzika maji. Huwezi kumrejea mwanamke umevaa taulo la nyumba ya wageni. Nikamwambia, kesho. Kesho utaona.

Akasema, "Mie sitaki kuona, Borafya. Nnataka kusikia."

Maneno mazuri. Kesho atavipata vyote viwili.

Jumatano, 18 Februari, saa saba mchana

Ratiba. Saa kumi naingia baharini. Magharibi namtoa chewa. Isha namtoa matumbo, hadharani. Nadra anaomba. Nafikiri. Kesho Alhamisi, baada ya alasiri, namrejea mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao Shaame. Nina siku nzima ya akiba. Huo ndio upangaji.

Hamid anasema leo ni tarehe ishirini na tisa na huenda mwezi wa Ramadhani ukaandama jioni. Ndiyo maana pwani imejaa watu wa vunja jungu tangu asubuhi, wanakula kama wanafukuzwa. Nikamtolea kalenda, nimeichana ukutani nikaja nayo. Shaaban, siku thelathini, wino mwekundu. Akasema, Bosi, mwezi hausomi kalenda. Tarishi ni tarishi tu.

Watu wengi, hata hivyo, ni jambo jema. Mashahidi!

Alhamisi, 19 Februari

Mikono imechubuka. Naandika kwa shida na kwa uchungu, lakini historia lazima iwekwe sawa.

Saa kumi niliingia baharini. Maji tele, ya kijani, kayaki inakwenda vizuri. Nikapita mashamba ya mwani bila kugusa hata kijiti. Nikafika kwenye mwamba mweusi ambao Wazungu wa Hamid huuzungukazunguka, nikatia pweza kwenye ndoana, nikashusha mshipi. Nikangoja.

Saa mbili nzima nimengoja. Matako yamekufa ganzi. Pwani imejaa. Nilimwona Nadra kwa kanga yake ya zambarau, amesimama na dada yake. Amenitazama! Nikakaa wima.

Jua linashuka nyuma ya minazi, mshipi ukaguswa. Mara moja. Kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Pumzi nikaishika. Na hapo hapo nikasikia naitwa. Ni Nadra. Ametoka kwenye kundi la watu, ameingia majini mpaka magotini, kanga yote imerowa, ameweka viganja mdomoni anaita. "Borafya! Una la kusema? Jua linazama!"

Wakati gani huo wa kumwita mtu! Nikamwekea kidole mdomoni mwangu. Nyamaza, utamtisha samaki.

Akasimama kidogo. Akaita tena, jina langu tu. Nikampungia mkono arudi nyuma. Akarudi.

Ndipo chewa akameza.

Wallahi, alikuwepo. Alinivuta mimi na kayaki yangu kama gari la ng'ombe. Nikavuta, akavuta, mshipi umenikata vidole, sikuachia. Nikamleta juu. Kichwa kikatokea, kikubwa kama ndoo, mdomo wazi, madoadoa mgongoni. Nikamkumbatia kwa mkono mmoja, nikamwinua juu ya maji na nikapiga ukelele ambao nimeutunza tangu mwaka themanini na tisa: CHEWAAA!

Pwani nzima ikanipa mgongo.

Wote! Wanaume, wanawake, watoto, wauza urojo, Hamid, Shaame, pamoja na Wazungu wawili wasiojua lolote. Migongo mia mbili. Wamenyoosha shingo magharibi, juu ya minazi, wananyoosha vidole. Mimi niko mashariki yao na chewa kifuani, sina hata shahidi mmoja! Nikapiga kelele tena. Nao wakapiga kelele. Nikadhani sasa wananishangilia. Walikuwa wanasema, mwezi, mwezi ule, pale pembeni ya mnazi.

Niligeuka. Ni ubinadamu, mtu akisema mwezi, unageuka. Nikauona, mwembamba kama ukucha. Chewa akautumia wakati huo. Akateleza, akazama, akaingia pangoni mwake.

Kukata mshipi? Mimi? Nikaushika kwa mikono miwili. Nikamsubiri. Adhana ikaadhiniwa, watu wakaenda kusali, pwani ikabaki tupu. Nikamsubiri. Maji yakaanza kuondoka, kwanza pole pole, kisha kama mtu amechomoa kizibo. Nilipohisi kayaki inakwaruza chini, mshipi ukakatika wenyewe. Nikapiga makasia kwa nguvu zote. Nikaenda hatua kumi, nikakwama. Nikatazama nilipokwama. Ni shamba la Bi Mwanapili.

Nimetembea mpaka ufukweni nikiwa nimebeba kayaki kichwani, giza linaingia, viatu vimebaki topeni. Bi Mwanapili na Nadra walikuwa wanatoka kusali. Watu wanapeana mikono, Ramadhan karim, Ramadhan karim. Nikaweka kayaki chini, nikajipangusa, nikamwambia Bi Mwanapili kwamba kesho alasiri nitakuja na mashahidi.

Akasema kesho ni mwezi mosi Ramadhani. Shaaban imekwisha, na eda imekwisha nayo, jua lilipozama.

Nikatoa kalenda. Ilikuwa imerowa, lakini thelathini inasomeka. Bi Mwanapili akaitazama, akanitazama. "Duka la vitambaa ndo linaloandamisha mwezi?"

Nikamgeukia Nadra. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitia hofu. Kanga yake ilikuwa bado mbichi mpaka magotini. Akasema amenisubiri miezi mitatu. Akasema leo ameingia mpaka baharini kunisikiliza, na nimemwekea kidole.

Nilitaka kusema neno. Neno lenyewe lilikuwa mdomoni, nusu limetoka, ingawa halina kazi tena. Badala yake nimesikia sauti yangu inamwuliza kama alimwona chewa.

Akasema hakumwona. Akaingia ndani.

Nimelala kwenye stoo ya Hamid. Daku: biskuti tatu na maji. Nimelia kidogo. Nimeliandika, basi, lisiulizwe tena.

Jumamosi, 21 Februari

Michenzani. Nimefuturu tende mbili na uji niliouunguza.

Maalim amethibitisha. Safari hii hakuuliza habari ya rafiki, ameniambia mimi moja kwa moja. Ningelitamka hata peke yangu kwenye kayaki, hata samaki wangetosha kunisikia. Sasa nikimtaka ni posa upya, ndoa upya, mahari upya, na yeye mwenyewe aridhie. Miwani bado ina uzi.

Nimemtuma Khairat na posa. Kwa heshima, kwenye karatasi, nakala moja nimeweka faili. Nimeandika kwamba mahari ataje atakayo. Kitanda, bangili, cherehani, chochote. Nilikaa dirishani tangu adhuhuri kumngoja, mtu mzima, kama mwari.

Khairat karudi kabla ya futari. Nadra amekubali.

Amekubali! Nimeruka. Bi Saadiya amegonga dari lake.

Ila mahari. Hataki kitanda wala bangili. Anachotaka ni wageni walewale wa Bwejuu waje hapa sebuleni, tufuturu pamoja, na mimi mbele yao niseme chewa wa mwaka themanini na tisa alitoka wapi. Sentensi moja. Baada ya hapo maalim aozeshe hapohapo, na yeye atabaki, hata begi atakuja nalo. Wanakuja kesho.

Khairat akanishika mkono. Akasema, "Baba, mama anakupenda. Sentensi moja tu."

Kwanza lilikuwa neno moja, sasa ni sentensi moja. Nikikubali, wiki ijayo watataka hotuba! Nimemwambia nitafikiri. Amenitazama kwa macho ya mama yake.

Nimefikiri. Nimetembea sebuleni mara arubaini. Nyumba imekuwa kubwa mno, sijui kwa nini, vyumba ni vilevile viwili. Nimejaribu kuisema hiyo sentensi mbele ya kioo. Nimefika kwenye "alitoka" nikakohoa.

Halafu mpango umekuja. Mzuri kuliko wa kwanza! Kwa nini niseme, wakati naweza kuonyesha? Mimi si nilimshika chewa Jumatano? Nilimshika. Kifuani. Basi kuna deni la chewa mmoja baina yangu na bahari. Nitasema yule wa juzi nilirudi nikamkuta kwenye mwamba, nikamtoa. Akiwa mezani, mzima, mkubwa kama beberu, nani atathubutu kuuliza habari za mwaka themanini na tisa?

Jumapili, 22 Februari

Nimetoka sokoni Darajani sasa hivi. Wageni wanafika alasiri. Maalim nimeshamwambia, anakuja na daftari la ndoa. Khairat yuko jikoni anapika, anaimba, anaamini nimekubali.

Chewa nimempata. Ni mkubwa hasa, watu wawili wamenisaidia kumpandisha ngazi, na Bi Saadiya amefungua mlango kuona. Yumo bafuni, mlango nimeufunga Khairat asimwone, ndani ya beseni, nimemmwagia maji ya chumvi ili anuke bahari.

Khairat siku zote husema mimi sijifunzi. Nisijifunze! Muuza samaki alishatoa kamba ya ukindu ampitishie mashavuni, kama alivyofanya mwenzake mwaka ule. Nikaukamata mkono wake. Nikamwambia, kamba usitie.